Masafa Yanayoruka: Jinsi Vifaa Visivyo na Waya Vinavyogawana Anga, na Mahali Siri Yako Ilipo

Mabasi yaendayo Lindi na Mtwara, baada ya kuvuka Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, hupita Nyamwage, mahali ilipo njia panda ya kwenda Utete. Tuchukulie kwamba basi moja limesimama hapo ili abiria wanunue maji na korosho. Abiria wawili wana visikilizi visivyo na waya masikioni. Dereva wa bodaboda amefunga spika ndogo kwenye usukani, na muziki unatoka katika simu iliyo mfukoni mwake. Kijana wa kibanda cha vifaa vya simu anamrushia mteja nyimbo. Mwalimu anapokea picha za mahafali kutoka kwa mwenzake. Katika duka la jirani kuna ruta ya Wi-Fi. Vifaa vyote hivi, vya watu wasiojuana, vinazungumza kwa wakati mmoja ndani ya kipande kimoja cha masafa ya redio, kilicho kati ya megahezi 2,400 na 2,483.5.

Hata hivyo, muziki wa bodaboda hausikiki masikioni mwa abiria, na picha za mwalimu haziingii katika simu ya mwenye duka. Hapa huzuka maswali mawili. La kwanza: kwa nini mawasiliano haya hayachanganyiki? La pili: je, mtu mwingine aliyepo pale anaweza kuyanasa au kuyaingilia? Watumiaji wengi huyafanya maswali haya kuwa swali moja. Huona kwamba mawasiliano yao hayachanganyiki na ya jirani, nao huhitimisha kwamba basi ni ya siri. Hitimisho hilo si sahihi, na madhara yake humpata mtumiaji asiye na habari. Katika somo hili tunayatenganisha maswali hayo mawili, kwa sababu jibu la kila moja linatoka mahali tofauti.

Anga isiyo na mwenyewe

Sehemu kubwa ya masafa ya redio nchini hutolewa kwa leseni. Kituo cha redio kina masafa yake, kampuni ya simu ina yake, na ndege na meli zina yake. Mwenye leseni akiingiliwa ana haki ya kulalamika, nayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina wajibu wa kumtafuta anayemwingilia.

Vipo pia vipande vichache vya masafa ambavyo nchi nyingi, ikiwamo yetu, zimeviacha vitumiwe na vifaa vidogo vya nguvu ndogo bila kila mtumiaji kuomba leseni. Kipande cha megahezi 2,400 ndicho mashuhuri kuliko vyote. Hakuna anayeweza kusema ni chake, na anayekitumia hukubali kwamba wengine nao watakuwamo. Ni kama kisima cha kijiji: hulipii kuteka, lakini huwezi kumfukuza mwenzako kwa kuwa umemtangulia kufika. Hata jiko la maikrowevu hufanya kazi katika eneo hilohilo, karibu na megahezi 2,450.

Si kila mawasiliano yanahitaji faragha, wala si kila chombo kinahitaji kujitenga na vingine. Nahodha wa boti itokayo Nyamisati kwenda Mafia, akipatwa na dharura, huita kupitia chaneli 16 ya redio za baharini, yaani megahezi 156.8. Kila chombo kilicho karibu hutegemewa kumsikia, na ndiyo maana chaneli hiyo ni moja, inajulikana na kila mtu, na haibadiliki. Anayeomba msaada hataki siri. Vifaa vya mfukoni vinataka kinyume chake: kila jozi iongee peke yake, katika anga ambayo haina wa kuigawa.

Namna vifaa vinavyogawana

Delta ya Rufiji inatupatia mfano ulio karibu. Mto unapokaribia bahari hugawanyika katika mikondo mingi. Tuseme wachuuzi wawili wa samaki, mmoja akitokea baharini na mwingine akitokea bara, hawataki kukutana siku zote katika mkondo mmoja, kwa sababu mikondo hujaa mitumbwi ya watu wengine. Wanapatana mapema juu ya utaratibu: leo tukutane mkondo wa nne, kesho wa kumi na moja, keshokutwa wa pili, na kadhalika. Wachuuzi wengine nao wana utaratibu wao. Mara chache mitumbwi ya makundi mawili itakutana katika mkondo mmoja na kuzuiana, lakini siku inayofuata kila kundi litakuwa limeshaelekea kwingine. Hakuna aliyehitaji kuweka msimamizi wa delta nzima.

Bluetooth hufanya kazi kwa namna hiyo. Katika mfumo wake wa kawaida, unaotumiwa na spika na visikilizi vingi, kipande cha masafa kimekatwa katika chaneli 79, kila moja ikiwa na upana wa megahezi moja. Simu na spika huhama pamoja kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 katika kila sekunde. Neno moja la wimbo linapoanza na kwisha, vifaa hivyo vimekwisha kuhama mamia ya mara. Kwa hiyo muziki wako haupiti katika chaneli moja kama matangazo ya kituo cha redio. Umekatwa vipande vidogo sana, na vipande hivyo vimetawanywa katika chaneli zote.

Je, vinajuaje pa kukutania? Kifaa kimoja, mara nyingi simu, huwa kiongozi. Kila kifaa cha Bluetooth kina anwani yake ya kudumu na saa yake ya ndani. Anayefuata hupewa anwani na saa ya kiongozi, kisha wote wawili hupiga hesabu ileile na kupata jibu lilelile: hatua ijayo ni chaneli fulani. Msomaji aikumbuke hatua hii, kwa maana tutairudia tutakapofika kwenye swali la pili.

Tuione hesabu ya kugongana. Chukulia jozi mbili za vifaa, ya bodaboda na ya abiria, kila moja ikiruka kivyake katika chaneli 79. Kwa hesabu ya juujuu, uwezekano wa jozi hizo kuangukia chaneli moja kwa wakati mmoja ni mara moja katika 79. Katika hatua 1,600 za sekunde moja, takriban 20 zitagongana. Kipande kilichoharibika hurudiwa katika hatua nyingine, na sikio halitambui lolote. Jozi kumi nyingine zikiongezeka hapo stendi, uwezekano wa hatua moja kuharibika hupanda hadi karibu asilimia 13. Sauti itaanza kukatikakatika kwa baadhi ya watu, lakini hakuna atakayefungiwa nje kabisa. Huo ndio uzuri wa mpango huu: msongamano unapoongezeka, kila mtu hupoteza kidogo, badala ya mmoja kupoteza vyote.

Wi-Fi hairuki hivyo. Ruta huchagua chaneli moja pana ya megahezi zipatazo 20 na kukaa hapo. Kwa sababu hiyo, tangu toleo la 1.2 lililotolewa mwaka 2003, vifaa vya Bluetooth vimefundishwa kuchunguza ni chaneli zipi zimekaliwa na kuziruka. Mahali penye ruta moja, spika itaacha kama chaneli 20 na kutumia zilizosalia. Masharti ni kwamba zisipungue 20 za kuchezea. Sokoni au hospitalini, penye ruta nyingi zilizoenea kipande chote, nafasi hubaki finyu, na hapo ndipo visikilizi huanza kukwama.

Tunapenda kuongeza jambo dogo ambalo wauzaji hawalisemi. Mwili wa binadamu umejaa maji, nayo maji hufyonza vizuri sana mawimbi ya masafa haya. Mtu anayeweka simu katika mfuko wa nyuma wa suruali na kuvaa kisikilizi upande wa pili amejiweka yeye mwenyewe kati ya vifaa viwili ambavyo nguvu yake ni miliwati chache tu. Kabla hujairudisha bidhaa dukani ukidai ni mbovu, hamishia simu mfuko wa mbele.

Kuruka si kujificha

Sasa tuingie katika swali la pili. Wako wanaosema: kama mawasiliano yangu yanahama mara 1,600 kwa sekunde, nani ataweza kuyafuata? Hoja hii ina historia ya heshima. Mwaka 1942 mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza nchini Marekani kwa ubunifu wa kuongoza kombora la majini kwa redio inayoruka katika masafa 88, idadi sawa na vibonye vya piano. Nia yao ilikuwa adui asiweze kuziba mawasiliano. Mashine ya kurushia na ya kupokelea zingekuwa na karatasi zilizotobolewa kwa mpangilio mmoja, na mpangilio huo ndio ungekuwa siri. Bila karatasi, adui hangejua pa kwenda.

Katika Bluetooth ya leo hakuna karatasi ya siri ya namna hiyo. Tumekwisha kusema kwamba mpangilio wa kuruka hutokana na anwani na saa ya kiongozi. Sehemu ya anwani hiyo hutambulika katika kila kipande kinachorushwa hewani, kwa kuwa ndiyo inayomwezesha mwenzake kutambua kwamba kipande ni chake. Sehemu iliyosalia, pamoja na saa, huweza kukisiwa na mwenye kifaa na subira. Mpangilio wenyewe hujirudia baada ya takriban saa 23. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 vimekuwapo vifaa vya kitafiti vya bei nafuu vinavyoweza kufuatilia mruko huo. Kuruka huku kulibuniwa ili watu wakae pamoja bila kugombana. Hakukubuniwa ili kuwaficha.

Rufiji yenyewe ina ushahidi wa hilo. Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilijificha katika delta hii tangu mwaka 1914, ikihama kutoka mahali hadi mahali katika mikondo iliyofunikwa na mikoko. Kuhama kuliwachelewesha Waingereza kwa miezi mingi. Ndege ziliiona hatimaye, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamia humohumo baada ya kushambuliwa.

Kinachoificha sauti yako, kwa hiyo, ni kitu kingine: usimbaji fiche. Kabla ya kurushwa, kila kipande huchanganywa na ufunguo wa siri, yaani namba ndefu ambayo ni simu yako na spika yako tu zinazoijua. Anayefuatilia chaneli zote 79 na kukusanya kila kipande atabaki na mkusanyiko wa tarakimu usio na maana, mradi hana ufunguo. Akiwa na ufunguo, mruko hautamzuia. Siri yote imekaa hapo, na ufunguo huzaliwa wakati mmoja tu, wakati ambao mtumiaji yupo na anashika simu mkononi. Wakati huo ni wa kuoanisha.

Dakika ya kuoanisha

Kuoanisha ni kitendo cha kuvitambulisha vifaa viwili kwa mara ya kwanza. Katika vifaa vya zamani, mtumiaji aliandika namba ya siri, na ufunguo ulitengenezwa kutokana na namba hiyo. Taabu ni kwamba watengenezaji wengi waliweka 0000 au 1234 katika kila kifaa walichouza. Kufuli lilikuwa zuri, lakini funguo zote za mtaa zilifanana.

Toleo la 2.1 la mwaka 2007 lilileta utaratibu bora. Vifaa viwili hupeana taarifa hadharani, kila kimoja kikabaki na sehemu yake ya siri, kisha vyote hupata ufunguo mmoja ambao msikilizaji wa nje hawezi kuupata kutokana na aliyoyasikia. Hatari iliyosalia ni ya mtu wa kati: anajifanya spika mbele ya simu yako, na anajifanya simu mbele ya spika yako, na kila upande unatengeneza ufunguo naye bila kujua. Ili kumzuia huyu, simu mbili zinapooanishwa huonyesha namba yenye tarakimu sita. Ikiwa hakuna mtu wa kati, namba hizo hulingana.

Namba hizo sita watu wengi huzipita bila kuzisoma. Tunawaomba wasomaji wetu wazisome. Mwambie mwenzako aitamke namba iliyo kwenye simu yake, nawe ulinganishe na yako kabla ya kubonyeza kukubali. Inachukua muda mfupi kuliko kusalimiana. Namba zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, kataa, sogeeni mbali na umati, na mwanze upya.

Spika na visikilizi havina kioo cha kuonyeshea namba, hivyo hukubali bila kuuliza chochote. Ulinzi wake ni mahali na wakati unaochagua. Kwa sababu hiyo hatushauri kuoanisha spika mpya stendi, mnadani au ndani ya basi. Ioanishe nyumbani, ambako waliopo ni watu unaowajua. Ukishaoanisha, ufunguo huhifadhiwa, na unaweza kuitumia spika hiyo popote upendapo bila kurudia zoezi. Spika ikipoteza uoanishaji ghafla mahali pa watu wengi na kuomba kuoanishwa upya, izime na uendelee na mambo mengine hadi utakapofika nyumbani.

Yapo matatizo ambayo mtumiaji hawezi kuyaona kabisa. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba, wakati vifaa vinapopatana juu ya urefu wa ufunguo, mtu wa kati angeweza kuvishawishi vikubali ufunguo mfupi mno wenye baiti moja tu. Ufunguo wa namna hiyo una njia 256 za kuandikwa, na kompyuta huzijaribu zote kabla hujapepesa jicho. Watengenezaji wa simu walitoa marekebisho, nayo huja kupitia masasisho ya programu. Simu ambayo mwenyewe huahirisha sasisho mwezi hadi mwezi kwa kuogopa kumaliza bando hubaki na mlango wazi. Tunajua kwamba bando ni gharama. Ikiwa sasisho ni kubwa, litafute mahali penye Wi-Fi unayoiamini, lakini usiliache.

Zoezi la mtumiaji

Chukua simu yako, fungua Mipangilio, kisha sehemu ya Bluetooth, na usome orodha ya vifaa vilivyooanishwa. Watu wengi hushangaa kukuta majina wasiyoyakumbuka: spika ya harusi ya mwaka juzi, simu ya abiria waliyekaa naye siti moja, redio ya gari la kukodi. Kila jina katika orodha hiyo ni ufunguo uliokabidhiwa. Usiyemtambua, bonyeza jina lake na uchague Sahau.

Redio ya gari inastahili maelezo zaidi. Msafiri anayekodi gari kutoka Ikwiriri kwenda Kilwa huomba kuunganisha simu yake ili asikilize nyimbo zake. Mara tu uoanishaji unapokamilika, simu huuliza kama gari liruhusiwe kuona majina uliyohifadhi na orodha ya simu zilizopigwa. Wengi hubonyeza Ruhusu kwa kudhani kwamba bila hivyo muziki hautasikika. Utasikika. Ukiruhusu, redio nyingi za magari hunakili majina na namba zote kwenye kumbukumbu yake, nazo huweza kubaki humo baada ya wewe kushuka, zikimngoja abiria anayefuata. Kataa ombi hilo. Kama umekwisha kuruhusu, mwombe dereva akufutie jina la simu yako katika redio ya gari kabla hujashuka, kisha nawe ulifute gari katika simu yako.

Angalia pia jina ambalo simu yako hujitangazia kwa walio karibu. Simu nyingi hujaza jina la mwenye simu zenyewe wakati wa kuiwasha mara ya kwanza. Hakuna sababu ya umati wa stendi kusoma jina lako kamili. Libadilishe liwe neno utakalolitambua wewe na jamaa zako.

Kupokea faili ni jambo jingine, na hapa ufunguo haukusaidii. Usimbaji hulinda faili lisisomwe njiani, lakini hausemi kama faili lenyewe ni zuri au ni baya. Wimbo ni wimbo na picha ni picha. Lakini faili la programu, lenye jina linaloishia na herufi apk, likisakinishwa linaweza kupewa ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, ukiwamo ule unaoleta namba za uthibitisho wa miamala. Ukirushiwa programu na mtu, hata akiwa rafiki wa kweli, kuna uwezekano kwamba naye alirushiwa. Ni salama kuipakua mwenyewe kutoka duka rasmi la programu la simu yako.

Na mnara je?

Wasomaji wenye simu ndogo za vibonye wanaweza kudhani kwamba somo hili haliwahusu. Linawahusu. Katika mitandao ya kizazi cha pili, ambayo simu hizo huitumia, mnara unaweza kuiamuru simu ibadili masafa mara zipatazo 217 kwa sekunde wakati wa maongezi. Sababu zake ni zilezile: kusambaza usumbufu ili mazungumzo ya mtu mmoja yasiharibike yote. Na siri, vilevile, haimo katika kuruka. Imo katika ufunguo uliohifadhiwa ndani ya laini yako na katika mitambo ya kampuni ya simu. Usimbaji wa kizazi cha pili umezeeka. Watafiti walionyesha hadharani mwaka 2009 na 2010 kwamba unaweza kuvunjwa. Mwenye simu inayopokea kizazi cha tatu au cha nne anafanya vyema kuitumia mitandao hiyo inapopatikana.

Lakini tusimtishe msomaji kwa jambo lisilo kubwa kwake. Tapeli wa kawaida hana haja ya kukesha akifukuza masafa. Hupiga simu na kumwomba mtu namba yake ya siri, au hutafuta njia ya kusajili laini kwa jina la mwingine, na hapo hupata ufunguo bila kugusa redio. Bonyeza *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoifahamu, nenda kwa kampuni husika ukaikane. Ujumbe wa kitapeli, utume kwenda namba 15040 pamoja na namba ya aliyeutuma.

Kununua, kuuza na kulalamika

Vifaa vya redio vinavyoingizwa nchini vinapaswa kuwa vimeidhinishwa na Mamlaka. Uidhinishaji huangalia, pamoja na mengine, kama kifaa kinarusha kwa nguvu inayoruhusiwa na kama kinabaki ndani ya masafa yake. Spika ya bandia inayovuka mipaka hiyo haimwumizi aliyeinunua peke yake, kwa sababu huchafua anga ya kila mtu aliye karibu naye. Vifaa vya kuziba mawasiliano ya wengine, hata vikiuzwa kwa maneno matamu ya kuleta utulivu msikitini, kanisani au darasani, si halali kwa mtu binafsi kuvitumia. Vinaweza kumzuia jirani kuita msaada.

Unaponunua, dai risiti yenye jina na modeli ya kifaa, na uulize toleo la Bluetooth. Kifaa kinachokutaka uandike 0000 ni cha utaratibu wa zamani. Kwa kusikilizia muziki si hatari kubwa, lakini usikitumie kwa maongezi unayotaka yabaki ya faragha. Ukinunua spika iliyotumika, irejeshe katika hali ya kiwandani kabla ya kuioanisha, kwa kawaida kwa kubonyeza na kushikilia kitufe kama kijitabu chake kinavyoelekeza. Usipofanya hivyo, mwenye awali akipita na simu yake karibu na kwako, spika inaweza kumkumbuka na kuungana naye. Ukiuza simu, kuondoa laini hakutoshi. Futa kila kitu kupitia Mipangilio, kwa kuwa funguo za vifaa ulivyooanisha zimehifadhiwa ndani ya simu yenyewe.

Lalamiko kuhusu laini au mtandao lipeleke kwanza kwa mtoa huduma wako, na upewe namba ya kumbukumbu. Usiporidhika, lilete kwa Mamlaka pamoja na namba hiyo. Lalamiko kuhusu bidhaa bandia linahusu pia Tume ya Ushindani. Kama tatizo ni mwingiliano wa mawasiliano, tuandikie mahali hasa unapotokea, saa unapoanza na kwisha, vifaa vinavyoathirika, na kama hali hubadilika unapozima ruta au kifaa kimoja kimoja. Maelezo hayo ya mwisho ndiyo yanayowasaidia mafundi wetu zaidi, kwa sababu hutuonyesha kama chanzo kimo ndani ya nyumba yako au kiko nje yake.